Nani Atamtungia Mama Uzi

Kiangazi kile Fundi aliapa kwamba hawataondoka mjini kama wezi. Alikuwa fundi wa breki, mtu wa maneno machache na mipango mingi, na gereji kubwa ya mji wa mbali ilikuwa imemwita aanze kazi mvua zitakaponyesha. Basi kila Jumamosi alimtoa mkewe matembezi, na kila Jumapili wakaenda kuaga ndugu. Mwanamke gani atakataa raha hiyo? Mkewe hakukataa. Alivaa, akajipulizia manukato, akaketi kando ya mumewe garini, kisha akasema neno lile lile.

"Tupitie kwa Mama kwanza."

"Watu huaga mara moja," Fundi alimwambia siku moja. "Wewe unaaga kila wiki."

Mkewe huyo, ukoo mzima ulimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango wa tumbo la mama yake. Mama huyo alikuwa fundi cherehani, mjane, akiishi peke yake katika vyumba viwili, na cherehani yake ilikaa karibu na dirisha kama mgeni wa heshima. Watu walimletea suruali za kupunguza, zipu za kubadilisha, mashuka ya kupinda. Wasichojua ni kwamba Mama alikuwa haoni tena tundu la sindano.

Kitinda aliligundua hilo mwaka uliopita. Alimkuta akiupeleka uzi kwenye sindano, uzi ukipita pembeni, akirudia, ukipita tena pembeni, huku akitabasamu kama mtu anayefanyiwa mzaha. Kitambaa Mama alikijua kwa vidole. Pindo alilinyoosha kwa kucha, na mshono wake ulikuwa bado mstari. Kilichomshinda ni kile kitundu tu. Tangu hapo Kitinda alikuja kila wiki akatunga uzi kwenye cherehani, kisha akajaza kimto cha sindano: zenye uzi mweupe safu ya juu, zenye uzi mweusi safu ya chini, ili Mama azipate kwa kupapasa.

"Kaka yako asijue," Mama alimwambia. "Akijua, nimekwisha."

Kitinda akaapa. Na alijua kwa nini anaapishwa. Kaka yake mkubwa, waliyembandika jina la Meneja ingawa katika duka la vifaa vya ujenzi alikofanya kazi meneja alikuwa mtu mwingine, alishapaka rangi chumba cha nyuma nyumbani kwake. Alitaka Mama ahamie humo, apumzike, cherehani iuzwe. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mama yake kwa namna ya watu wanaopenda kitu wakakifungia kabatini.

Sasa Kitinda anaondoka. Uzi nani atautunga? Swali hilo alilala nalo na kuamka nalo, na alikuwa hajamwambia hata mumewe.

Jumamosi moja Fundi alitaka wafike bwawani, nje ya mji, kabla watu hawajamaliza mitumbwi ya kukodi. Kitinda akaomba wapitie kwa Mama, dakika chache tu. Akaingia chumbani na Mama, wakafunga mlango. Nje Fundi akapiga honi. Akapiga tena, safari hii kwa hasira. Kitinda akatunga mbio mbio, akazichomeka sindano kwenye kimto, akatoka anahema.

Bwawani maji yalikuwa matulivu, wao hawakuwa. Fundi alipiga kasia kwa nguvu. Kitinda alikuwa akitazama ufukwe waliotoka.

"Niambie ukweli," Fundi akasema hatimaye. "Hutaki kwenda na mimi?"

"Nani kasema?"

"Uso wako umesema."

Angemwambia pale pale. Lakini kiapo ni kiapo, akanyamaza, na Fundi akauchukua ule ukimya kuwa jibu. Walirudi nyumbani wakiwa wawili kwa hesabu tu.

Siri haidumu. Katikati ya wiki, karani mmoja wa dukani kwa akina Meneja alikwenda kazini na suruali yake nyeusi aliyopunguziwa na Mama. Pindo lote, mguu wa kulia na wa kushoto, lilikuwa limeshonwa kwa uzi mweupe pe. Wenzake walimcheka mpaka akaivulia stoo. Meneja hakucheka. Aliishika ile suruali, akaigeuza, akaitazama kwa muda mrefu.

Habari ikamfikia Kitinda. Alielewa hapo hapo: zile sindano alizibadilisha safu, nyeusi juu, nyeupe chini. Fundi aliporudi kutoka kazini alimkuta amekaa jikoni analia.

"Honi yako hiyo!" akamfokea. Kisha akamwaga yote, kiapo, tundu na safu mbili za sindano.

Fundi alivuta kiti akaketi. "Ungeniambia," alisema taratibu, "nisingepiga honi." Akamfuta machozi. "Nami nilidhani unanikimbia."

"Nikukimbie niende wapi, wewe?"

Wakacheka kidogo, ila kicheko hakikuwa na dawa. Siku zilizobaki walijaribu kila njia. Fundi alimtengenezea mkwewe kitanzi cha waya mwembamba cha kuvutia uzi, kazi safi kabisa, lakini kukiingiza kitanzi chenyewe kulitaka macho. Mama alikipapasa, akamrudishia. "Asante, baba. Kifungulie breki."

Jumapili ya mwisho walikutana wote kwa Mama. Meneja alifika na mkewe, mwanamke mpole aliyeolewa katika familia ile miaka mingi iliyopita na bado akikaa ukingoni mwa kiti. Mama hakuwahi kumruhusu mkamwana wake aguse cherehani, hata kuifuta vumbi. Kitinda naye alimwita wifi kwa mdomo tu. Machoni mwake alikuwa mke wa Meneja, kwisha.

Walikula, wakatakiana heri. Sahani zilipoondolewa, kaka yake aliinuka akaenda dirishani, akakichukua kimto.

"Mama," alisema, "hizi zote zimeshatungwa. Nani huzitunga?"

"Mshonaji hujiandaa," Mama akajibu.

Meneja alichomoa sindano moja. Akauvuta uzi wake, ukatoka. Akaviweka vyote viwili kiganjani mwa mama yake, kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele.

"Basi tunga hii moja. Nikuone tu. Ukiweza, sitasema tena habari ya kuhama."

Mama aliulowesha uzi kwa ulimi, akauinua. Ukapita pembeni. Akatabasamu lile tabasamu ambalo Kitinda alilijua, akarudia. Ukapita pembeni.

Kitinda hakuvumilia. Alisimama kwa kishindo, kiti kikaanguka nyuma yake. "Nipe mimi, Mama, kuna giza hapo—"

"Kaa," Mama alisema. "Wewe unaondoka."

Kitinda alibaki amesimama. Maneno yale yalimchoma kuliko sindano zote za kimto kile.

Mama akaugeuza uso upande ule wa chumba ambako mkamwana wake alikuwa ameketi. "Mkamwana, njoo hapa. Tundu silioni. Nitungie."

Mke wa Meneja alimtazama mumewe, akamtazama Kitinda, kisha akainuka akifuta mikono kwenye gauni. Akapiga magoti mbele ya Mama. Mara ya kwanza alikosa. Mara ya pili uzi ukaingia.

"Kwa hiyo ni kweli," Meneja akasema. "Huoni, Mama."

"Kazi yangu naiona. Nisichokiona ni tundu, na tundu si nyumba ya kunihamishia." Mama hakupaza sauti. "Mkeo hupita hapa kila asubuhi akienda kazini. Akitaka atapita ndani."

"Nitapita," mkewe akasema.

Meneja akafungua kinywa.

"Nimesema nitapita," mkewe akarudia, bila kumtazama.

Meneja aliketi. Fundi alikiokota kile kiti kilichoanguka, akamketisha mkewe, akamshika bega. Mzigo alioubeba mwaka mzima ulikuwa umetuliwa, na Kitinda, badala ya kupumua, alijisikia kama mtu aliyenyang'anywa. Mikono yake ilikaa mapajani bila kazi.

Dirishani Mama alikuwa amekipakata kimto, na mkamwana wake anachomeka sindano yenye uzi mweusi. Aliichomeka safu ya juu. Kitinda aliliona kosa lile lile, akainuka nusu, neno limefika kwenye ulimi.

Mama alikwisha kuipapasa. Akaushika mkono wa mkamwana wake, akaushusha.

"Nyeusi zinakaa chini, mwanangu," alisema.

Kitinda akalimeza neno lake, akamwambia mumewe waende.