Earline Asimama Mlangoni mwa Tangi

Katika kiwanda chetu cha matishali hapa Houma, hakuna aliyemshinda Earline Dufrene kwa kuchomelea. Alianza akiwa mwanamke pekee, na kwa miaka ishirini na sita aliingia ndani ya matangi ya matishali hayo, ambamo wanaume wenye miili yao hawakuweza kupenyeza mabega.

Tulikuwa tukila pamoja kila mchana, kwa hiyo mimi niliona mapema. Mwandiko wake kwenye karatasi ya zamu ulizidi kuwa mdogo, hata msimamizi akamwuliza kama anawaandikia sisimizi. Kisha ukaja mwendo: anakanyagia vidole, visigino juu. Kwa ujinga wangu nikamtania.

"Shoga, umeanza kutembea kama jogoo."

Hakucheka. Siku hizo uso wake ulikuwa mkavu kwa kila jambo. Wiki ileile, akipika gambo, mchuzi mzito wa kamba wa baharini, nyumbani kwake, alirudi nyuma hatua mbili akaanguka chali.

Daktari wa mishipa ya fahamu alimwuliza kwanza anafanya kazi gani. Akamweleza kwamba waya wa kuchomelea una madini ya manganisi, na moshi wake ukivutwa miaka mingi mahali pasipopita hewa hufika kwenye ubongo, ukaharibu sehemu inayoongoza viungo. Kilichoharibika ni vigumu kurudi.

Wengine wangeficha. Earline alikuja Jumatatu, akasimama kwenye mlango wa tangi, nasi watu kumi na wanne tumekwisha kuvaa tayari kuingia. Sauti yake ilikuwa imefifia, ikabidi tumsogelee.

"Nitazameni ninavyotembea," alisema, akatembea. "Sasa anayetaka kuingia humu bila bomba la kufyonza moshi, anipite mimi kwanza."

Alcide Pitre, msimamizi, alimjibu kwa upole. "Mama, tishali hili lina tarehe yake ya kukabidhiwa."

"Na mimi nilikuwa na mikono yangu, Alcide."

Hakuna aliyeingia. Tulikaa nje siku tatu. Ya nne, lori likaleta mabomba, feni na barakoa za hewa safi. Baadaye tulipimwa sote. Wawili wakakutwa na dalili za mwanzo, wakaondolewa moshini.

Earline hachomelei tena. Mikono inamtetemeka, ila jicho lake bado kali, na sasa ndiye anayekagua kazi zetu. Wageni wakiuliza mabomba yale aliyaleta nani, mimi huwaonyesha yeye, na kuongeza kwamba ni rafiki yangu.