Nilivyoitwa Kisirani Mombo

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko mbaya na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba na kuandika kwangu ni kwa polepole. Ila hili neno kisirani nalijua vizuri, nimeshaitwa mimi mwenyewe.

Kwetu Korogwe, mkaa ukigoma kuwaka ni kisirani. Ukijikwaa mlangoni asubuhi, kisirani. Bibi yangu kule Handeni humwita hivyo hata kuku anayedonoa unga ulioanikwa. Lakini kwa wauza vyakula wa Mombo, pale mabasi yanaposimama, kisirani kikubwa ni mteja wa kwanza kuuliza bei akaondoka bila kununua. Hapo siku nzima imeharibika. Kwa hiyo mteja wa kwanza haachiliwi. Utampunguzia, utambembeleza, hata kumwonjesha utamwonjesha.

Mama mdogo alinichukua kutoka kwa bibi nimsaidie kuuza mahindi ya kuchemsha pale Mombo. Mimi nina aibu sana. Asubuhi ya kwanza tu akaja mzee mmoja, akauliza bei, akaguna, "Ghali hiyo." Nikamwambia, "Haya mzee, safari njema."

Mama mdogo nusura aangushe sufuria. "Umemwambia nini?"

"Nimemuaga."

"Umemuaga! Umeyaaga na mahindi yangu yote!"

Akanyunyiza maji ya chumvi mezani kufukuza kisirani, mengine akanimwagia mgongoni. Jirani yetu muuza mayai akacheka. "Dada, hayo hayamtoshi huyo. Mtumbukize humo sufuriani."

Na kweli, mabasi yakawa yanatupita. "Kesho unarudi kwa bibi yako," mama mdogo akasema. "Kisirani chenyewe ni wewe."

Sikutaka kurudi. Handeni kazi yangu ilikuwa kufukuza nyani shambani kwa kelele, na nyani wenyewe walikuwa hawanisikii.

Mchana basi moja likapasuka tairi karibu na meza yetu. Abiria wakashuka wamenuna. "Kisirani gani hiki!" akafoka mama mmoja mnene. "Nani kapanda na mkosi wake humu?" Wauzaji wakamzunguka, kila mmoja anamsukumia sinia usoni. Akawapenya, akaja kusimama kwangu, maana mimi nilikuwa nimenyamaza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akachukua hindi, akalitafuna, akageuka kuwaita wenzake. "Njooni huku! Huyu hapigi makelele!"

Wakaja. Sufuria ikabaki maji matupu.

Wakati tunafunga, mama mdogo alikuwa akisugua sufuria bila kuniangalia. "Kwa bibi yako huendi," akasema. "Utauza hapahapa. Ila mteja wa kwanza ni wangu. Wewe hata salamu usimpe."

Mpaka leo ndivyo tunavyofanya. Akija wa kwanza mimi najificha nyuma ya gunia la mkaa.

Nanyi mnaosoma, huko kwenu mteja wa kwanza akiwaponyoka mnafanyaje? Niandikieni mniambie, na herufi ziwe kubwa kubwa, maana hata kusoma nasoma polepole.