Mila Niliyomfundisha Mkwe Wangu

Niliondoka Msasani ya huku Unyakyusani, si ile ya Dar es Salaam, asubuhi, mvua ikiwa imepungua kidogo, na begi langu moja, bila kujua naelekea wapi. Hilo si jipya kwangu. Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo nimeondoka mahali pengi kwa namna hiyo hiyo: Chunya kwenye dhahabu, Kyela kwenye kokoa, Mufindi kwenye chai. Jipya ni kwamba safari hii nilifukuzwa, na aliyeleta taarifa ni mjukuu wangu wa kike, mtoto wa darasa la pili, mswaki ukiwa mdomoni.

Nilikuja kwa mwanangu nikiwa na jambo moja kichwani: nimzoee huyo mtoto kabla hajafika umri wa kunidharau. Mpaka hapo nilikuwa babu wa kwenye simu. Nampigia, kwenye kioo naona paji la uso na jino moja, ananiuliza nitamletea nini, kisha simu inakatika. Mwanangu anaendesha lori la chai kwenda Dar es Salaam, na nyumbani kwake yupo kama mgeni. Kwa hiyo nyumba ni ya mke wake, mwenye saluni karibu na soko, mzaliwa wa Mbeya mjini, Mnyakyusa asiyejua Kinyakyusa zaidi ya salamu. Siku ya harusi alinishika mikono yote miwili tukacheza. Nilipofika na begi aliniita baba, akanipa chumba cha uani, tukanywa chai meza moja.

Kosa nililifanya mwenyewe, kwa sababu napenda kusimulia kuliko ninavyopenda kula. Jioni moja nikawaeleza jinsi wazee wetu walivyoishi na wake za watoto wao. Mama yangu, nilisema, akisikia kikohozi cha baba mkwe wake aliruka kwenye migomba na mzigo wake wa kuni, akainama huko mpaka mzee apite. Hakuwahi kumtazama usoni. Hakutamka jina lake. Akiwa na neno, alimtuma mtoto. Wenyewe walisema anamwogopa, na hiyo ndiyo ilikuwa heshima. Niliigiza kule kuruka, mtoto akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Mama yake hakucheka. Aliuliza maswali, na mimi mtu anayeuliza maswali ananimaliza.

"Hata meza moja hawali?"

"Hata njia moja hawapiti."

"Na wakiwa nyumba moja?"

"Haiwezekani. Mzee anakaa kwake, mbali."

Akasema kumbe wazee walikuwa na akili.

Wiki iliyofuata akaanza. Nikiingia sebuleni anajifunika khanga kichwani na kunipa mgongo, televisheni ikiendelea. Chai yangu ikahamia chumbani. Hakunisemesha tena. Nikampigia mwanangu barabarani, nikasikia injini, halafu sauti yake iliyochoka ikisema, "Baba, mila ni mila. Si wewe uliyemfundisha?"

Ningeweza kuondoka siku ile. Sikuondoka, kwa sababu kila tusi lililetwa na mtoto. Anagonga, anasimama mlangoni ameibana miguu kama anayeghani shairi shuleni. Mama anasema taulo lako linanuka, lianike nyuma. Mama anasema kohoa taratibu. Mama anasema babu za wenzangu wana mashamba. Akimaliza kazi anakaa kitandani kwangu, ananiuliza dhahabu ina harufu gani, na kwa nini jani la chai likikauka linakuwa jeusi. Ana udadisi wangu, wote. Basi nikawa nayangoja matusi. Nilikuwa nakohoa kwa nguvu makusudi, ili atumwe.

Halafu kazi ikamnogea. Akaanza kuongeza ya kwake. Mama anasema unatafuna kama mbuzi, na nilijua kabisa mama hajasema. Siku moja aliingia amejifunika kitenge, akanigeuzia mgongo. Nikamuuliza huo ni mchezo gani.

"Na mimi nakuogopa," akasema. "Usiniangalie."

Hakukaa tena kitandani.

Asubuhi ya mwisho alikuja na mswaki. "Mama anasema chumba kinapigwa rangi leo."

"Cha kwangu hiki?"

"Cha bibi wa Mbeya. Anakuja kunilea."

"Na mimi je?"

Akafikiri, povu likimshuka kidevuni. "Mama hajasema." Akaenda kusukutua.

Nilipopita uani mama yake alikuwa anafagia. Nikakohoa. Akatupa ufagio, akaruka kwenye migomba, akainama vizuri kabisa, kama nilivyomwonyesha. Mtoto akapiga makofi.

Nikashika barabara ya Mbeya kwa miguu. Pikapu iliyokuwa inafuata ndizi ikasimama, dereva akaniuliza naenda wapi, nikamwambia huko huko anakoenda yeye. Akanishusha Igogwe. Nimelala sehemu nyingi za nchi hii, lakini Igogwe sikuwahi.

Karibu na hospitali nilielekezwa kwa mama mmoja mtu mzima anayepangisha vyumba. Akanisalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile, tata," akasema vyumba vyake ni vya wanaouguza, si vya wapita njia.

"Unamuuguza nani?"

"Mjukuu," nikasema.

Uso wake ukabadilika. Akachukua begi langu mwenyewe. Akasema hapa wanakuja bibi na shangazi, mababu wanatuma salamu tu. Babu aliyekuja kwa miguu yake kumuuguza mjukuu hajapata kumwona. Akaniletea shuka safi na ndizi za kuchemsha, akakaa kunitazama nikila, kwa huruma. Kisha akaomba jina la mgonjwa, Jumuiya ya kanisani wamwombee.

Nikamtajia la mjukuu wangu, lile la ubatizo. Akalirudia polepole asije akalisahau, halafu akanipa ufunguo.