Kichwa Kilichosukwa Upande Mmoja

Saa tatu asubuhi, msusi aitwaye Mkono Mwepesi anagawa nywele za mteja wake wa kwanza kwa mkia wa kitana. Hajafika utosini, mtu anachungulia mlangoni. Ni mwanamume aliyevaa jezi namba tisa, na anataka kujua jambo moja tu: aliliona jeraha au hakuliona?

"Umekuja kusuka?" msusi anamuuliza bila kugeuka.

"Hapana."

"Basi unanizibia mwanga."

Ndivyo siku zake zinavyoanza tangu mke wa Radi, mshambuliaji anayependwa mtaa mzima, aende polisi kusema kwamba mumewe anampiga. Klabu ilitangaza kuwa uchunguzi unaendelea. Jumamosi iliyofuata Radi akapangwa, akafunga mabao mawili, na mashabiki wakarudi mtaani wakiimba utadhani wametoka kusikia Radi akiachiwa huru mahakamani.

"Sasa walitaka akose penalti ndiyo waamini?" anasema msusi huyu, mama wa watoto watatu anayelisha nyumba kwa vidole vyake.

Kazi hii alifundishwa na shangazi yake, barazani. Jina la utani amepewa na wateja, kwa kuwa hata mtoto mdogo husinzia akisukwa naye. Mke wa Radi alikuwa akija hapa kabla Radi hajawa Radi.

Jumanne ya wiki iliyopita alikuja amejitanda mtandio. Msusi hakumuuliza kitu. Aligeuza kiti, shavu la kushoto la mwanamke yule likaelekea ukutani na la kulia mlangoni, ili wapita njia wasimkodolee macho. Akaanza kusuka upande wa kulia.

Alipoumaliza, mlangoni pamejaa watu. Mmoja akamwomba mteja ageuke kidogo, na wao waangalie marudio. Wenzake wakacheka. Fundi simu wa duka la jirani akapiga picha. Mwanamke akavuta mtandio wake, akaondoka na nusu msuko.

Kufika jioni, picha imeshazunguka kwenye simu za watu. Inaonyesha shavu la kulia, safi kabisa. Chini yake pameandikwa: "Jeraha liko wapi?"

"Kiti nilikigeuza mimi," anasema Mkono Mwepesi, na kwa mara ya kwanza anaweka kitana chini. "Nilikuwa namsitiri. Wao wamepata ushahidi."

Alimfuata fundi simu dukani kwake, akamweleza kwamba binadamu ana mashavu mawili. Fundi akajibu kuwa yeye alipiga picha tu, hakuandika neno. Halafu, akimwita dada, akamkumbusha kwamba timu inatafuta ubingwa, mambo ya chumbani yangeweza kusubiri ligi iishe.

Mashabiki wa timu pinzani nao si afadhali. Wametunga wimbo kuhusu mke wa Radi na wanauimba wakipita hapo nje, wakikazia pale penye kipigo. Msusi anasema katika wote hao, hajasikia hata mmoja akiuliza mwanamke yule analala wapi.

Lakini wanaomchosha zaidi ni wanawake wenzake. Mteja aliye kitini asubuhi hii anasema kwa sauti ya chini kwamba binti yule ana haraka. "Mimi nimevumilia zaidi ya hayo, shoga yangu, na wangu hajui hata kufunga goli."

Vidole vya msusi vinasimama. Anamwekea mkono begani, kisha anaendelea kusuka, polepole kuliko mwanzo.

Zamani alisuka vichwa vinne kwa siku. Sasa akipata viwili anashukuru, maana wateja wanaogopa mlango wake. Angeweza kusema alichokiona yaishe, ila anajua hayataisha.

"Nikisema nimeona, nimehongwa na wapinzani. Nikisema sijaona, Radi ameshinda. Nikinyamaza, kila upande unasema niko kwao. Kichwa cha mtu ni siri yake. Nimemwambia yule binti mwenyewe, akinihitaji kituoni nitakwenda, nitaeleza. Hapa mlangoni, hapana."

Kwenye msumari karibu na kioo inaning'inia pakiti ya rasta za kahawia iliyokwisha nusu. Wateja wawili wameshaitaka. Amewaambia ina mwenyewe.

Juzi mwenyewe alipiga simu. Atakuja kumalizia upande uliobaki, na kesho yake wataongozana kituoni. Amechagua saa ya mechi, njia zikiwa nyeupe na watu wote wakiwa mbele ya runinga. Mechi ipi, msusi ameomba isiandikwe, ingawa hana wasiwasi sana.

"Hata wakijua, nani ataacha mechi kwa ajili yake?"

Anavuta kiti kutoka ukutani, anakiweka katikati ya chumba na kukipangusa kwa kitambaa.

"Siku hiyo nitakiacha hapa," anasema. "Atasema mwenyewe anataka kuelekea wapi."