Pikipiki Kwenye Njia ya Magogo

Sauti ninayoikumbuka vizuri mpaka leo si ya pikipiki, ingawa pikipiki ya kaka yangu ikiwashwa pale Sakina mbuzi wa mtaa mzima walikimbia. Ni sauti ya vichupa vya dawa vikivunjika ndani ya mfuko wa ngozi. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu amekanyaga maganda ya mayai. Kimoja, halafu viwili kwa pamoja, halafu kimya.

Niwaeleze tangu mwanzo, mjue tulikwenda kufanya nini huko mlimani.

Alhamisi jioni tulikuwa nyumbani Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, mimi na kaka yangu Zakayo. Kaka alikuwa Burma wakati wa vita, akipeleka barua za jeshi kwa pikipiki, na aliporudi hakutaka kazi nyingine ila ya mashine. Mgiriki mmoja mwenye shamba alimpa pikipiki iliyokufa, shukrani ya kumtengenezea mashine ya kahawa, naye akaifufua. Mimi nilisoma hadi darasa la nne nikarudi kumpikia kaka, na katika kumpikia huko nikajua klachi ni kitu gani. Jumapili baada ya kanisa alinipeleka kwenye mbuga ya Kisongo akaniachia usukani. Alisema, "Hapa huwezi kugonga kitu ila ng'ombe, na ng'ombe wana akili kuliko wewe." Nilikuwa na ndoto ya kufika Nairobi peke yangu, nimejifunga kitambaa chekundu, watu waulizane, huyu naye ni nani? Mniwie radhi, ndivyo nilivyo.

Jioni hiyo akaingia shemeji yetu Elirehema, mume wa dada yetu Ndeshi. Alikuwa ametembea tangu alfajiri kutoka upande wa pili wa Meru, kijiji cha mwisho kabla ya msitu. Hakukaa hata tulipomvutia kiti.

"Ndeshi amejifungua, leo siku ya sita," alisema. "Mtoto mzima. Mama yake ndiye anaungua. Jana ameniita mimi mama."

Baba yake Elirehema, Mzee Samweli, alikuwa dresa jeshini. Sindano anayo, mkono wa kuchoma anao, dawa ndiyo hana. Alikuwa amemtuma mwanawe na kikaratasi chenye jina la dawa. Zahanati ilikuwa imekwisha kufungwa. Kwa miguu, mtu akiipata dawa asubuhi, angefika kule jua limezama. Kwa pikipiki ni kama saa nne, kama njia itakubali.

"Njia ninaijua," kaka alisema. "Mifereji nitavuka, mizizi nitapita. Pale kwenye mawe tu ndipo panapo shida. Sikia, shemeji. Mwambie baba watutengenezee pale kwenye mawe. Watengeneze kidogo tu, mimi nitapita."

Elirehema akanywa maji, akageuka na safari yake jioni ile ile ili kupeleka neno hilo.

Ijumaa asubuhi tulikuwa wa kwanza mlangoni pa zahanati. Dresa wa zamu alisoma kikaratasi, akatupa vichupa vinne vya unga wa sindano. "Kimoja mkifika tu, kimoja jioni, viwili kesho," alisema. "Msiruke hata kimoja. Homa hii ya uzazi haina utani." Nilivifunga kwa kanga kuukuu, nikavitia katika mfuko wa ngozi wa kaka wa jeshini, nikauvaa kifuani ili nivikumbatie njia nzima.

Tukavuka mto Themi, tukashika barabara ya Moshi. Vumbi lilikuwa jepesi, mashamba ya kahawa yamepangwa mistari kama daftari, na nasema kweli, nilifurahi. Dada yangu alikuwa mgonjwa nami nilifurahi, kwa sababu upepo ulikuwa mzuri na dawa ilikuwa kifuani. Tulipoacha barabara kubwa, pale Tengeru, wanawake waliobeba ndizi walitupisha huku wakicheka.

"Jamani tazameni! Dada kafungwa nyuma kama gunia la kahawa!"

"Gunia linalokwenda mbio, mama!" nikawajibu.

"Haya, usimwagike!"

Saa tano hivi njia ikaacha kuwa njia. Ikawa kijia chembamba cha kupita mtu na mbuzi wake, migomba huku na huku, mifereji ya maji ikikatiza kila baada ya hatua chache. Kaka alisimama juu ya mahali pa kukanyagia, magoti yameibana tangi, akiniongelea kwa sauti kubwa bila kugeuka, kama aliyekuwa anawafundisha askari. "Jiwe usilitazame! Ukilitazama utaliendea! Tazama pale unapotaka kutokea!" Pikipiki iliruka, ikakwaruza tumbo, ikakohoa, ikaendelea. Meno yangu yaligongana mpaka nikaonja damu. Mara tatu tulishuka tukaisukuma. Mfuko haukuguswa na kitu.

Saa sita tukafika kwenye mawe. Ni mwinuko mrefu kuliko kanisa letu, mawe meusi ya mlima yametokeza kama magoti, na juu yake ndipo nyumba zinapoanza. Watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili. Wanawake walipiga vigelegele. Mzee Samweli alisimama juu kabisa na panga mkononi, shati limelowa jasho.

Mawe hayakuonekana. Walikuwa wameyatandika migomba mibichi, imepasuliwa katikati, upande mweupe wa ndani umetazama juu, kutoka chini mpaka mwisho.

Kule mlimani, wakiteremsha gogo la mti kutoka msituni, ndivyo wanavyoitengeneza njia. Gogo likipita juu ya mgomba mbichi halikwami wala halipasuki, linateleza lenyewe na watu hawaumii. Ni kazi wanayoijua kuliko kazi zote. Tulikuwa tumewaambia watengeneze, nao walikuwa wametengeneza tangu kulipokucha. Walikata hata migomba yenye ndizi changa, chakula chao cha mwezi ujao, ili dawa ya mkwe wao ipite laini.

Kaka alipunguza mwendo. Akasema kwa sauti ndogo, "Anaeli, shuka."

Niliwaona wale wanawake. Niliona mzee akitupungia panga. Nikasema, "Kaka, watu wanatutazama. Twende tu."

Gurudumu la mbele lilipanda vizuri. La nyuma lilipokanyaga mgomba wa tatu lilizunguka mahali pamoja, maji ya mgomba yakaruka, kisha pikipiki nzima ikaenda upande kama mtu aliyevutwa mguu. Kaka alianguka juu ya jiwe kwa bega. Mimi nilianguka kifudifudi. Nilikuwa nimeukumbatia mfuko, na nikaulalia.

Vigelegele vilikoma vyote kwa pamoja.

Mtulinga wa kaka ulikuwa umevunjika, mkono ukining'inia. Hakulia. Alisema tu, "Fungua mfuko." Nilifungua. Unga mweupe ulikuwa umechanganyika na vipande vya chupa. Kimoja kilikuwa kizima. Nilikishika ngumini nikakimbia nacho mpaka nyumbani.

Ndeshi alilala karibu na ukuta, macho makubwa, midomo imepasuka. Alinitambua. "Umekuja na lile dubwana lenu?" aliniuliza, nami nikacheka, nikamwambia liko nje linapumzika. Kichanga kilikuwa kwa mama mkwe kikinyonya kidole. Mzee Samweli alichemsha sindano, akachanganya dawa, akamchoma. Kisha akanitazama. "Vingine?"

"Vimevunjika, baba."

Akaosha sindano.

Ijumaa saa nane mchana niliondoka peke yangu kurudi mjini. Kaka alikuwa amefungwa mkono kwa shuka, rangi imemtoka, lakini alinifuata mpaka kwenye mawe. Usukani ulikuwa umepinda, ila injini iliwaka. Tuliishusha pikipiki kwa kuisukuma ndani ya migomba, pembeni. Hapo tukiwa wawili alisema kwa hasira, "Nitawaambia. Nilisema watengeneze, sikusema wapake mlenda. Wametuulia dada!"

"Hajafa, kaka."

"Wajue walichofanya!"

"Nakuomba," nilimwambia. "Usiwaambie. Na mimi uliniambia nishuke."

Akaniinulia klachi kwa kidole chake, kuonyesha ilipolegea.

Sina mengi ya kusimulia juu ya njia ile ya kushuka. Kisongo hakuna mawe. Nilianguka mara nne na kila mara nilijiinua kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuniinua. Zahanati walikuwa wanafunga. Dresa aliniona damu gotini, akafungua tena kabati. Vilibaki viwili. "Vingine vitakuja na gari kutoka Moshi wiki ijayo," alisema, na alivifunga mwenyewe katika pamba. Pikipiki haikuwa na taa, na mtu hawezi kupanda mawe yale gizani. Nilikwenda Sakina nikakaa kitandani nimevaa viatu.

Jumamosi kulipopambazuka nilikwisha kuvuka Themi. Kila kichupa nilikitia ndani ya soksi, soksi ndani ya blanketi, blanketi mgongoni. Sikutazama kahawa. Kwenye mifereji sikushuka hata mara moja. Nilipofika kwenye mawe nilipita pembeni ya migomba, juu ya mawe matupu, nimesimama, magoti yameibana tangi, macho pale ninapotaka kutokea. Nikatokea. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda mahali pale na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Hapakuwa na mtu njiani. Nyuma ya nyumba, ndani ya shamba, wanaume wanne walikuwa wakichimba.

Elirehema alikuja akaishika pikipiki ili nishuke. "Alfajiri," alisema. "Jioni alipoa kidogo, akala uji. Tukasema amepona. Halafu ikarudi." Nilifungua blanketi nikampa Mzee Samweli soksi zote mbili. Alitoa vichupa, akavishika juu kwenye mwanga kuona kama ni vizima. Vilikuwa vizima. Akavirudisha ndani ya soksi polepole.

Jumapili tulimzika Ndeshi baada ya ibada. Mwinjilisti aliomba kwa Kimeru, na watu waliimba vizuri mno, nikawa nachukia kwamba waliimba vizuri hivyo.

Baada ya maziko Mzee Samweli aliniita ukumbini. Mama mkwe alikuwepo na kichanga, na wanawake watatu wa ukoo, wale waliobeba migomba ya kutandika kwenye mawe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." "Nataka kuuliza neno moja, na unijibu kama unavyomjibu baba yako. Siku ile, pale kwenye mawe. Mimi si mtu wa pikipiki. Njia yetu ilikuwa na kosa?"

Wanawake wale walinitazama wote. Mmoja alikuwa bado na utomvu mweusi wa mgomba kwenye nguo, ule usiotoka kwa sabuni. Mlangoni alikuwa kaka, na mkono wake uliofungwa.

"Hapana, baba," nilisema. "Njia ilikuwa nzuri. Ni mimi. Nililegea nyuma, nikamvuta kaka upande. Kosa ni langu."

Kaka alitoka nje.

Mzee alipumua kwa muda mrefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Nilisema," aliwaambia wanawake. "Niliwaambia ile njia tuliifanya vizuri." Kisha kwangu, kwa upole, "Wewe ni mtoto. Mungu anajua."

Mama mkwe hakuwa mpole. Alikisogeza kichanga bega la pili, mbali nami. "Wasichana wa mjini," alisema, "wanapanda visivyopandwa. Wangemleta mwanamume mwenye mikono." Wale wengine waliguna. Niliinamisha kichwa. Nilikuwa nimekuja na hamu ya kumpakata mtoto wa dada yangu, lakini siku ile sikupewa.

Jumatatu asubuhi tuliaga. Kaka alitangulia kwa miguu na Elirehema, mkono usitikiswe. Kabla ya kuondoka aliniambia, "Wewe umejibebesha jambo la maisha yako yote," nami nikamwambia ndiyo, ninajua. Safari hii imenifundisha kwamba mtu akikutengenezea njia kwa kazi ile anayoijua kuliko zote, ni vigumu kumwonyesha kwamba hapo ndipo ulipoangukia. Labda mwingine angeweza. Nairobi sijafika bado, na kile kitambaa chekundu sijakinunua.

Niliisukuma pikipiki mpaka kwenye mawe. Migomba ilikuwa bado imetandikwa, imeanza kuwa ya kahawia pembeni. Kwenye ule wa tatu gurudumu lilikuwa limechora mstari mrefu mweusi, umepinda upande, kila mwenye macho angeuona na kuusoma. Mzee Samweli alikuwa amesema kesho wangekuja kuiondoa wawape ng'ombe.

Niliiegemeza pikipiki kwenye mti, nikatazama juu, nikatazama chini. Nikaingiza vidole chini ya mgomba ule. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, umejaa maji. Nikaupindua, mstari ukalala chini kwenye jiwe. Kisha nikaupindua na wa nne, uliokuwa na alama ndogo tu.