Punje Zilipogeuka Bluu

Ninyi wajukuu mtakaosoma haya, mmezoea kuambiwa kwamba maji yakichemka ni salama. Na mimi niliambiwa hivyo, kwenye darasa la kisomo cha watu wazima, nikashika.

Miaka ile ya ujamaa, hapa Malindi yetu ya milimani, si ile ya pwani, kahawa ya kijiji tuliipulizia mrututu, ile dawa ya bluu yenye madini ya shaba. Kazi ilikwenda kwa zamu. Jioni kila mmoja alisuuza bomba lake la kupulizia kwenye mfereji, juu tu ya chemchemi. Tuliona ni usafi. Ukirudisha bomba chafu, ulisemwa mkutanoni.

Mwanangu wa nne akaanza kutapika. Nikachemsha maji. Alivyozidi nikachemsha zaidi, hadi yakabaki nusu sufuria. Macho yakawa manjano. Tulimzika Jumamosi. Jumatatu ilikuwa zamu yangu shambani, nikaenda.

Baadaye bwana maji alikuja akapima chemchemi.

"Mama, maji ulichemsha?"

"Sana. Mpaka nusu."

"Maji ya chumvi ukiyachemsha, chumvi inaondoka?"

"Haiondoki. Inazidi kukolea."

Nikaenda kuwakatia mbuzi majani.

Alituachia ndoo yenye koki, ndani imejaa punje nyeupe kama mtama, jamii ya plastiki, zilizotengenezwa zishike shaba na kuacha maji yapite. Wifi yangu, tuliyekuwa tukiishi naye, akamuuliza, "Bwana maji, hizi zinaungwa kwa nazi?" Watu wakacheka. Bwana maji akasema zikigeuka bluu hadi chini zimeshiba, hazishiki tena. Tumwite aje azioshe kwa tindikali.

Mabomba tukahamishia kwingine, lakini shaba ilishaingia kwenye tope la chemchemi. Nyumbani kulikuwa na mtoto wa mwisho, ndiyo kwanza anaanza kunywa maji. Kila asubuhi nilifunua ndoo nikatazama bluu imeshuka wapi.

Siku ilipogusa chini tulituma ujumbe. Wiki zikapita tukichota mto wa ng'ambo, bwana maji hakuonekana. Wifi akasema, "Mbona maji ni meupe tu? Yachemshe tunywe. Mto wa ng'ambo uko mbali, na magoti yangu haya."

Alikuwa ameshabandika sufuria. Niliiepua nikaimwaga uani, wote wakitazama.

"Ya chemchemi hayanywewi humu, hata yakichemka kutwa. Chukueni ndoo, mkachote ng'ambo. Na mtoto asipewe maji na mtu yeyote mpaka niwe nimeona yametoka wapi."