Chinsaga ya Kuzikwa

Mwaka wa 1968, huko karibu na Magwagwa, Bitutu alijulikana kuwa mchoyo kupindukia. Chinsaga yake, mboga ambayo Mkisii huiota hata usingizini, ilinawiri hadi wapita njia wakameza mate. Lakini kumpa mtu? Hata jani! Kila msimu aliing'oa yote na kuizika shimoni.

"Mboga inafanyiwa matanga," watu walisema, "na sisi tunakula ugali kwa chumvi."

Kumbe kipande kile cha shamba kilikuwa chini ya josho la zamani la ng'ombe. Kwa miaka, maji yenye aseniki ya kuulia kupe yalitiririkia hapo, na kila alichopanda kilikauka isipokuwa chinsaga. Siku moja mbuzi wake aliivamia, akala akashiba, akafa. Bitutu akarukaruka kwa furaha. Mbuzi kafa, mwenyewe anacheza! Alikuwa ameelewa: sumu inatoka udongoni, inapanda hadi majanini. Basi na ipande, aing'oe, aizike mbali na mto, mpaka udongo utakate! Na msimu huu, pale alipong'oa kwanza, mahindi yalikuwa yameota. Aliyaamkia kila asubuhi kabla ya kumwamkia mumewe.

Alieleza, wakamcheka. Mzee wa kanisa, Jethro, alimwita mama kwa Kikisii na kumhubiria: "Mayo, Mungu hakuumba mboga ya kutazama."

Ijumaa ya makambi ya kanisa, Bitutu alikuta chinsaga yote imechumwa. Akatoka mbio kuelekea makambini, leso mkononi.

Uwanjani sufuria ilitokota, chinsaga kwa maziwa, na Jethro kando yake akipongezwa kwa sadaka nono.

"Msile! Hiyo ina sumu ya josho!"

"Wivu tu," akasema Jethro. "Hii imetoka kwangu."

"Kwako? Basi tuonjee wewe, Tata, baba yetu. Kijiko hiki hapa."

Jethro akatazama kijiko, akatazama mbingu. "Mimi leo nimefunga."

"Tangu lini?" akauliza Drusilla, mke wake. "Si umemaliza kichane cha ndizi sasa hivi?"

Uwanja ukaangua kicheko. Jethro akabebeshwa sufuria hadi shimoni, umati ukimfuata kwa nyimbo za mazishi.

Walipokwisha kumwaga, wakirudi kupitia shamba la Bitutu, Drusilla akayaona mahindi. Akachuchumaa, akashika jani.

"Hapa? Hapa palipokuwa pameungua?"

"Hapo hapo!"

"Mayo, shamba langu nalo liko chini ya josho. Mbegu ya chinsaga unayo?"

"Ninayo tele! Lakini ukiipika, nitakuzika nayo."